Majina Matano ya Duka Moja

Mteja alikuwa ameshapimiwa kilo 2 za unga wa uji, ameshaingiza namba ya tili, ameshaandika kiasi. Kisha akaganda. Simu ilikuwa imemwonyesha jina asilolijua. "Mama, hii ni yako kweli?" Dada yangu akamwambia ni yake, aweke tu namba ya siri. Mteja akatazama simu, akatazama kibao juu ya mlango, akafuta kila kitu na kutoa noti mfukoni. Hakumshuku dada, wamejuana miaka. Alilolishuku ni lile jina. Na katika Nairobi hii, ambako kila mtu ana jamaa aliyewahi kutuma pesa pasipo penyewe, nani amlaumu?

Duka lenyewe liko Umoja, upande wa kuteremkia soko la Mutindwa. Ni chumba kimoja: magunia ya wimbi, mtama, mahindi na soya, mizani, na kisiagi kidogo cha umeme nyuma ya pazia. Nilikuwa nimekalia gunia nikinywa chai yangu wakati hayo yakitokea, na jioni tulipoteremsha mlango tukakaa tukahesabu. Kibao kilikuwa na jina la mtoto wake wa kwanza. Tili ilisoma kifupi cha chama cha akina mama kilichovunjika zamani. WhatsApp ilikuwa na jina lake la utani la shuleni, pamoja na picha ya waridi. Risiti za kodi za eTIMS anazozikatia hoteli mbili anazozipelekea unga zilitoka na jina la kitambulisho, maana PIN ni yake binafsi. Wateja nao hawajawahi kutumia hata moja kati ya hayo manne. Wao husema tu, "Naenda kwa Mama Uji."

Majina matano, na hakuna aliyekaa siku moja akayapanga. Kila moja lilizaliwa na haja ya siku yake: siku ya kufungua, siku ya kutafuta tili kwa haraka, siku hoteli ilipodai risiti. Ndivyo maduka yetu mengi yalivyo. Ukitaka kujua lako likoje, shuka stejini kama mgeni, mwulize mtu wa bodaboda akupeleke, usikilize atalitajaje. Halafu lipa shilingi 10 kwa tili yako mwenyewe usome jina litakalotokea. Gharama ya ukaguzi huo ni hiyo shilingi 10, nayo inarudi kwako.

Dada alitaka kuanza na nembo. Kila mtu hutaka kuanza na nembo, kwa sababu inapendeza kuitazama. Mimi nilisema tuanze na yale yasiyolipiwa, tukagombana kidogo, nikashinda kwa kuwa mwezi huo kodi ya duka ilikuwa haijalipwa. Kwanza likachaguliwa jina, na hapo hatukuwa na ubishi: Mama Uji. Jina ambalo mtaa umeshakupa bila malipo ni ghali mno kulitupa. Kumfundisha mteja jina jipya kunachukua miaka, na wakati huo wote atakuwa akimwelekeza mwenzake kwa jina lile la zamani.

Jina la WhatsApp lilibadilishwa pale pale, na laini ya duka ikahamishiwa WhatsApp ya biashara, ile inayokuwezesha kuweka saa za kufungua, mahali ulipo na orodha ya bidhaa, haina ada. Kwenye ramani ya Google duka likatiwa jina hilo hilo, herufi kwa herufi. Jina la tili lilihitaji makaratasi, na tutafika huko. Jina la kwenye risiti za eTIMS tuliliacha. Mfanyabiashara binafsi hutoa risiti kwa PIN yake, na wenye hoteli wanaodai risiti ili gharama zao zikubalike kwa mamlaka ya kodi, KRA, hawajali unaitwaje mradi PIN ni sahihi. Si kila tofauti ni ugonjwa. Tofauti inayouma ni ile anayokutana nayo mtu mwenye pesa mkononi.

Wiki hiyo hiyo akaja kijana mwenye fulana ya kampuni, mkebe wa rangi mkononi, tabasamu la kutosha watu wawili. Angepaka duka lote bure, ndani na nje. Jina la dada lingeandikwa juu kwenye kona, dogo, na ukuta uliobaki ungekuwa wa bidhaa yao. Dada akanitazama kwa macho ya mtu aliyeokota kitu.

Ukipita Outering Road au Kangundo Road utaona walivyo wengi waliokubali. Maduka kumi yamefuatana yakiwa na rangi moja, na ukimwelekeza mgeni itabidi useme "ni lile la kijani, si hilo, lile jingine la kijani." Wanaopaka wanajua wanachokinunua. Ukuta wa Eastlands unatazamwa na maelfu kila siku kutoka dirisha la matatu, na mahali pengine nafasi kama hiyo ingelipiwa kodi. Tena rangi hiyo ya bure haidumu kuliko mipango ya kampuni yenyewe. Kampuni ya simu iliyoanza hapa nchini mwaka 2000 ikiitwa Kencell iligeuka Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Majina manne katika miaka kumi, na kila mara kuta zilikwanguliwa na kupakwa upya. Mwenye duka hakuulizwa. Wakati huo Safaricom ilibaki na kijani chake, na leo mtoto asiyejua kusoma anaijua M-Pesa kwa rangi.

Sisemi rangi ya bure ni mbaya kwa kila mtu. Kama kazi yako ni uwakala wa pesa tu, rangi ya kampuni ndiyo inayokuletea mteja, chukua. Kama unauza kitu ambacho ni chako, unga uliousaga wewe, mandazi, nguo uliyoishona, basi hesabu hivi: kupaka mbele ya duka kwa gharama zetu kungekula kama shilingi 4,000. Hiyo ndiyo bei aliyokuwa anatupa yule kijana kwa ukuta wa mwaka mzima au zaidi, yaani kama shilingi 11 kwa siku. Tukamwambia tutafikiria.

Tukaenda kuuliza bei za kibao. Bei nitakazozitaja ni tulizopewa sisi, baada ya kubishana. Ukienda na sura ya haraka utapewa nyingine.

Kwenye vichochoro vya River Road, ambako mashine za kuchapa hazilali, bango la turubai la mita 3 kwa 1 lilikuwa shilingi 2,100. Linatoka siku hiyo hiyo, rangi zinang'aa, picha ya kikombe cha uji inafuka mvuke mpaka unasikia njaa. Fremu ya chuma ya kulikaza ilikuwa 3,500 kwa fundi wa jua kali Kamukunji. Bila fremu utalifunga kwa kamba, na upepo wa Agosti utakufundisha. Kasoro ya turubai ni jua. Upande wa dada unapigwa jua la mchana, na jirani yake mwenye kinyozi ana bango la mwaka jana ambalo nyuso zote zimekuwa za samawati. Basi hesabu mabango matatu kwa miaka mitatu, 6,300, ongeza fremu, jumla 9,800.

Fundi wa kuandika kwa brashi, mzee ambaye mkono wake umeandika nusu ya mabucha ya Jogoo Road, alitaka 2,500 za kazi, na rangi ya mafuta ikatugharimu 1,800. Jumla 4,300. Rangi hiyo ikianza kufifia anarudi kugusa herufi kwa 1,000. Kwa miaka mitatu, ukimwita mara mbili, ni 6,300. Kibao cha taa, kile cha plastiki chenye balbu ndani, kilianzia 25,000 kabla ya umeme, na dada hufunga saa mbili usiku. Tulikiacha bila majuto. Aliye na duka la dawa au hoteli ya usiku pale Donholm ana hesabu tofauti.

Kabla ya kumlipa yeyote kati ya hao, pita ofisi ya kaunti. Ada ya kibao hutegemea ukubwa na aina yake, na sheria ya fedha ya kaunti ikibadilika nayo hubadilika. Maandishi ya ukutani na kibao kinachotokeza barabarani havihesabiwi sawa. Afadhali uulize wewe kuliko kanjo waje kukuuliza.

Nilimpendelea mzee wa brashi, na si kwa bei peke yake. Ila ana udhaifu mmoja mkubwa: hawezi kuandika neno moja mara mbili likafanana. "Mama" ya ukutani ilikuwa na tumbo, "Mama" ya kwenye mlango ilikuwa imekonda. Nikamwambia kwa adabu, akacheka. Akasema, "Kijana, unataka stensili. Sema tu." Akatoa filamu ya eksirei kuukuu, akachora herufi na kata ya kuchotea uji pembeni yake, akazikata kwa wembe. Bei, shilingi 700.

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu katika manunuzi yetu yote hiki ndicho kitu kilichofanya kazi kubwa kwa pesa ndogo. Stensili moja ya ukubwa wa kiganja na nyingine ya urefu wa mkono, zote mbili 1,500. Kwa hizo tulipiga jina kwenye ndoo za nafaka, kwenye magunia yanayokwenda hotelini, kwenye kasha la bodaboda anayetubebea, kwenye kiti cha mteja, kwenye mlango wa chuma ili hata duka likiwa limefungwa Jumapili jina lisomeke. Herufi zile zile, kata ile ile, rangi moja ya kahawia. Mkebe mdogo wa rangi haujaisha mpaka leo. Hakuna mchoraji wa kompyuta ambaye angetupa ufanano huo kwa bei hiyo. Na mzee ndiye aliyechagua kata. Sisi tulikuwa tukiwaza kikombe, yeye akasema kikombe kila mtu anacho.

Mtu wa Eastlands hahitaji kufundishwa mambo ya chapa, ameyakulia stejini. Matatu za Buruburu hubadilisha michoro kila zinapochoka: leo msanii wa Marekani, kesho mchezaji wa mpira, keshokutwa sura ya mhusika wa filamu. Amri za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, michoro ikafutwa na kila matatu ikavaa mstari wa manjano. Baadaye michoro ikarudi kwa kishindo. Katika yote hayo, mtu wa Buruburu aliendelea kutafuta 58, namba ya njia yake. Anachokitafuta mteja ili akufikie ndicho kisichoguswa. Vingine vyote vinaweza kucheza.

Nembo ya kompyuta tuliifanya mwishowe, kwa kuwa stika zilihitaji. Bei zake hazina adabu. Kuna programu za simu zitakazokutengenezea bure, na matokeo yake utayaona kwenye saluni tatu za mtaa huo huo. Kijana mwenye kompyuta ndani ya duka la kuchapa alitaka 2,500. Ofisi yenye kapeti na mashine ya kahawa ilitaja 30,000, nikashukuru kwa maji waliyonipa. Tukampa kijana ile stensili akainakili. Jambo la kudai, na ambalo wengi hawadai, ni faili asilia, ile inayoweza kukuzwa mpaka ukubwa wa jumba bila kuvunjika. Ukitumiwa picha tu kwa WhatsApp, itabanwa njiani, na siku ya kuchapa bango herufi zitatoka kama zimelowa. Lilinikuta mimi miaka ya nyuma, kwa kazi nyingine: mchoraji alipoteza kompyuta, nami nikalipa upya kuchorewa kitu kilichokuwa changu. Safari hii tuliongeza 500 tukapewa faili kwenye barua pepe, pamoja na namba ya ile rangi ya kahawia, ili kila mchapaji asituletee kahawia yake.

Upande wa pakiti ulituchosha zaidi. Dada huuza kama pakiti 300 kwa mwezi. Stika za karatasi, zikichapwa 24 kwenye ukurasa mmoja mkubwa wa shilingi 120, ni shilingi 5 kila moja, yaani 1,500 kwa mwezi na 18,000 kwa mwaka. Muhuri wa mpira ulikuwa 1,200, na wino wa mwaka hauzidi 800, basi 2,000. Kwenye mfuko wa kaki muhuri unapendeza kuliko stika, na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Agosti 2017 mifuko hiyo ya kaki imejaa kila soko. Pakiti zilizochapwa kiwandani hatukuzifikia: wanataka oda ya maelfu, na kuandaa mitambo peke yake kungemeza faida ya miezi.

Hesabu inaonekana rahisi, muhuri unashinda. Lakini muhuri unafaa kwa unga unaopimwa mbele ya mteja tu. Siku unga utakapokaa kwenye rafu ya duka la mtu mwingine, pakiti lazima iseme viungo, uzito, nani ametengeneza, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na iwe na alama ya ubora ya KEBS. Hayo hayaingii kwenye muhuri. Supamaketi zitadai na msimbo wa mistari, ule ambao kwa Kenya huanza na 616. Basi dada ana viwili: muhuri kwa unga wa dukani, stika kwa pakiti 60 hivi ambazo ndizo zinazokusudiwa kutoka Umoja, na hizo haziondoki mpaka alama ya KEBS ipatikane. Stika zake zimeshuka kutoka 1,500 hadi 300 kwa mwezi.

Aproni mbili zilishonwa Uhuru Market, 450 kila moja na kata imetariziwa kifuani. Fulana tulizikataa. Fulana huvaliwa nyumbani siku ya kufua, aproni inabaki msumarini.

Sasa makaratasi. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen kwa karibu shilingi 1,000, na cheti chake ndicho tulichokihitaji kubadilisha jina la tili. Kusajili kampuni kungepita 10,000 na kuleta ripoti za kila mwaka, mzigo usio wa duka la chumba kimoja. Lakini sikiliza: cheti kile watu hukitia fremu wakiamini wamelinunua jina. Hawajalinunua. Kinasema ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo, basi. Jina lenyewe kama mali hulindwa na alama ya biashara, na hiyo ni kazi ya KIPI, taasisi ya mali ya viwanda, chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506.

Kwa hesabu tuliyofanyiwa, bila wakili, kutafuta kama alama imeshachukuliwa, kuomba, kutangazwa na kusajiliwa hujumlika kama 12,000 kwa daraja moja la bidhaa. Unga uko daraja la 30 kati ya 45. Baada ya kutangazwa, watu wana siku 60 za kupinga. Ukipita, ulinzi ni wa miaka 10, na unaweza kuongezwa. Gawanya: shilingi 100 kwa mwezi. Si ghali hata kidogo, ndiyo maana nilishangaa tulipoamua kutolipa.

Sababu ni hii. Sheria hailindi kirahisi neno linaloeleza bidhaa moja kwa moja, wala jina la mahali, wala jina la ukoo. Ukitembea kutoka Kayole hadi Makadara ukisoma vibao, utaona tumeangukia humo karibu sote: jina la mtaa na neno duka, jina la familia na neno bucha. "Mama Uji" kwa muuza uji ni hivyo hivyo. Msajili anaweza kukubali alama yenye mchoro, kwa sharti kwamba huna haki ya peke yako juu ya neno la kawaida lililomo. Maana yake tungelinda kata, na mwanamke wa mtaa wa pili angeendelea kuwa Mama Uji wake. Dada akauliza swali zuri: nani atamwibia kata, na ataipeleka wapi? Kwa sasa hakuna. Mwenye mchuzi wa pilipili unaouzwa mpaka Mombasa ana jibu tofauti, naye asingoje. Sisi tumeweka 12,000 hizo kando kwa siku ambayo pakiti zitavuka Outering Road kwa wingi.

Jumla yetu: ukuta 4,300, stensili 1,500, nembo na faili 3,000, muhuri na wino 2,000, aproni 900, cheti 1,000. Shilingi 12,700, zikilipwa kidogo kidogo kwa miezi minne, bila stika za kila mwezi. Jina la tili lilichukua muda kuliko vyote, na ndilo lililomfanya mteja wa kwanza aseme kitu. Alilipa, akasoma simu, akacheka, "Hata M-Pesa inajua ni Mama Uji!"

Yule kijana wa rangi alirudi mwezi uliopita, na mkebe mkubwa zaidi. Ukuta wa mbele ulikuwa umeshaandikwa, akaomba ule wa pembeni, unaotazama barabara ya matatu. Dada akamaliza kumpimia mtoto wa jirani wimbi, akapangusa mikono kwenye aproni, akamwuliza kampuni yake hulipa shilingi ngapi kwa siku. Kijana akasema ngoja aulize ofisini. Ukuta wa pembeni bado ni saruji tupu.